Nimepandikiziwa seli shina za jicho kutoka kwa mdogo wangu: huduma yenyewe ikoje, toka vipimo mpaka dawa

Hii naiandika kwa ajili ya wale ambao macho yote mawili yameharibika uso wa mbele, iwe kwa kuungua na kemikali au kwa ugonjwa, na daktari kashawatajia habari ya kupandikiziwa seli shina za mtu mwingine alafu wametoka kliniki hawajui washike lipi waache lipi. Mimi niliungua na chokaa kazini, macho yote, na huduma hii nimeipitia yote toka vipimo mpaka leo bado nameza dawa zake. Naipa nyota nne kati ya tano. Jicho lililofanyiwa limepona uso, maumivu yameisha, naona. Ila mtu akikwambia ni operesheni tu, unaingia unatoka, huyo hajakwambia ukweli. Operesheni ndo kipande kifupi kuliko vyote, kazi yenyewe iko kwenye dawa za kushusha kinga ya mwili na kliniki zisizoisha, na kama una nafasi ya kuchagua hospitali basi ichague kwa hilo.

Kwanza nieleze kwanini seli shina na sio konea moja kwa moja, maana hapa ndo wengi tunapotea. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, unene wake pale katikati unazidi kidogo tu nusu milimita, na juu yake kabisa kuna ngozi laini ya tabaka tano mpaka saba za seli, nyembamba mno, kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Hiyo ngozi inachakaa kila siku na inajitengeneza upya yote ndani ya siku saba mpaka kumi hivi. Zinazoitengeneza ni seli shina zinazokaa pembezoni, kwenye ule mstari ambapo weusi wa jicho unakutana na weupe, panaitwa limbasi. Limbasi ndo kitalu, miche yote ya kioo inatoka pale. Chokaa ikishaunguza kitalu, ngozi ya kioo ikichakaa hamna wa kuirudishia, na pengo halibaki wazi, ile ngozi ya sehemu nyeupe inatambaa inapanda juu ya kioo pamoja na mishipa yake ya damu, unabaki na jicho jekundu lenye ukungu, linauma, linachuruzika machozi, mwanga wa dirishani tu unakuchoma utadhani umetazama jua.

Sasa mtu wa hivyo ukimwekea konea mpya ya marehemu bila kumrudishia kitalu, ile konea inakuja na ngozi yake ya juu ambayo maisha yake ni mafupi, ikiisha mnarudi palepale. Ndicho kilichonikuta hospitali ya kwanza. Walinipandikiza konea, wiki za mwanzo kioo safi, nyumbani kila mtu anashangilia, alafu kidonda kikagoma kufunga, mishipa ikaanza kuingia toka pembeni, ukungu ukarudi na maumivu juu. Nilivyohamia hospitali ya pili daktari alisoma faili lote, akaniangalia jicho kwa mda mrefu, akauliza swali moja tu: "Limbasi yako kuna mtu aliwahi kuipima?" Hamna. Hata neno lenyewe nilikuwa nalisikia siku ile.

Kuna kitu nilikuja kukisoma kikanigusa sana. Konea ya kwanza kabisa kufanikiwa kwa binadamu ilipandikizwa mwaka 1905 na daktari Eduard Zirm kule Olomouc, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, na mgonjwa wake, Alois Glogar, alikuwa kaunguzwa na chokaa macho yote mawili, kama mimi. Jicho moja lilikubali, la pili likakataa. Kazi ya limbasi ilikuja kueleweka miongo mingi baadae, na kuhamisha limbasi kama tiba kukaenea baada ya kazi ya Kenneth Kenyon na Scheffer Tseng ya mwaka 1989. Kwahiyo Zirm asingeweza kujua. Daktari wa leo anayekuwekea konea mpya juu ya limbasi iliyokufa bila hata kuipima, huyo simwelewi, na nawaomba sana ndugu zangu msikubali kuwekwa konea kabla ya kupata jibu la limbasi kwa maandishi kwenye faili.

Vipimo vya hospitali ya pili navipa tano kamili. Wanachukua kile kikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa wanakigusisha ndani ya kope la chini, ukipepesa rangi inasambaa jicho zima, alafu wanazima taa wanakumulika kwa mwanga wa bluu. Ngozi nzima ya kioo haishiki ile rangi. Yangu ilishika. Daktari akapiga picha akanigeuzia skrini, nikasogeza uso karibu kabisa kwa lile jicho lenye afadhali, akaikuza mpaka nikaona mwenyewe: kijani kinang'aa kimejizungusha toka pembeni kwenda katikati, na mishipa ya damu imeingia mpaka vitawi vyake vinahesabika. Baada ya hapo wakabandika kikaratasi kingine juu ya kioo wakakibandua, kikaenda maabara kutafuta zile seli za kutengeneza ute ambazo makazi yake ni ngozi ya sehemu nyeupe. Zikikutwa juu ya kioo, mjadala umeisha. Zilikutwa.

Kilichofanya niwaamini zaidi ni kwamba walikataa kunifanyia haraka. Kope langu la juu lilikuwa limejikunja kwa ndani, nywele zake zinakwangua kioo kila nikipepesa, presha ya jicho iko juu, na machozi ni machache, waliyapima kwa kile kikaratasi cha kuning'iniza kwenye kope kwa dakika tano, kikalowa kidogo tu. Daktari akasema seli ukizipanda kwenye jicho kavu zinakufa, ukizipanda chini ya kope linalokwangua zinakufa, na presha ikiachwa juu utapata kioo safi juu ya mshipa wa fahamu uliokufa, itakusaidia nini? Kwahiyo tukaanza na kope, ikafuata presha, ikafuata machozi. Machozi walinitengenezea matone kutokana na damu yangu mwenyewe, wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine wanabaki na yale maji yake ya manjano, wanayachanganya wanayatia kwenye vichupa, unavigandisha unatumia kimoja kimoja. Haya yote yalikula miezi na roho iliniuma kusubiri, lakini ukikutana na sehemu wanakupangia tarehe ya seli shina siku ya kwanza bila kugusa kope wala presha wala machozi, toka hapo.

Tukaja kwenye mtoaji. Hapa kuna njia mbili na daktari mzuri anakueleza zote bila kukusukuma. Unaweza kupata limbasi ya marehemu, faida yake ni kwamba unapewa mduara mzima na hakuna mtu mwenye macho mazima anayekatwa, hasara ni kwamba ni mgeni kabisa kwa mwili wako. Au unapata ya ndugu wa damu aliye hai, hiyo ni mbichi, seli zina nguvu, na kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulingana zile alama za kinga, ila unapata vipande tu, juu na chini, kushoto na kulia panabaki wazi. Ndo maana kuna wanaochanganya, juu na chini ya ndugu, pembeni ya marehemu, njia inayojulikana kwa jina la Cincinnati, kule Marekani, ambako daktari Edward Holland na wenzake wamefanya kazi hii kwa miaka mingi na ndio waliosisitiza kwamba mgonjwa wa limbasi ya mtu mwingine apewe dawa za kinga kwa uzito uleule wa mtu aliyepandikizwa figo.

Na hilo la figo lina sababu. Utasikia watu wanasema jicho halikatai, konea haina shida. Ni kweli kwa kiasi kikubwa kwa kioo chenyewe, kwa vile hakina mishipa ya damu na kinga ya mwili hailioni kirahisi. Limbasi ni kitu kingine kabisa, ina mishipa, imejaa seli za ulinzi, mwili unaitambua mapema kwamba huyu mgeni. Asiyekueleza hili kabla hujasaini, muulize mwenyewe.

Nyumbani tulipimwa ndugu wote, na aliyelingana na mimi zaidi akawa mdogo wangu wa kike. Nilishindwa hata kumuanza, unamwambiaje mtu nipe kipande cha jicho lako? Yeye ndo akanikatisha, "Kaka, kwani wananing'oa jicho? Si kipande tu? Basi acha maneno, sema tarehe lini." Wakampima kundi la damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, na macho yake yakaangaliwa kwa kina zaidi kuliko yangu, presha, machozi, limbasi yenyewe kwa darubini, wakamuuliza kama aliwahi kuvaa lenzi za macho kwa miaka mingi maana hizo zikizidi nazo zinachosha limbasi. Pia walimweka chumba cha peke yake bila mimi wala mama, wakamuuliza kama kuna mtu anamlazimisha. Hilo niliwaheshimu sana.

Operesheni yenyewe sina mengi ya kusema, ilienda vizuri. Mdogo wangu alichukuliwa vipande viwili, kimoja juu kimoja chini, jumla yake karibu theluthi moja ya mduara, na walitueleza mapema kwamba nusu ya mduara hawaivuki ili yeye abaki na akiba ya kutosha. Mimi nililazwa kwa nusukaputi. Wanachuna ule utando wote uliotambaa juu ya kioo, wanasafisha mduara mzima, vile vipande wanavibandika kwa gundi inayotokana na protini za damu na nyuzi nyembamba kuliko unywele, juu yake wanafunika na utando wa uzazi. Utando huo unatoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua kwa operesheni akakubali kuchangia, unapoza uvimbe na seli zinapenda kutembea juu yake. Mwisho wanaweka lenzi laini ya kulinda. Unaamka jicho limefungwa, kichwa kizito, basi.

Sasa dawa. Hapa naomba msome taratibu.

Nilitoka na aina tatu za kumeza: predinisoloni, takrolimasi na maikofenoleti. Predinisoloni inashushwa taratibu ndani ya miezi ya mwanzo, zile mbili zinaendelea, wengi wanakaa nazo zaidi ya mwaka na wengine miaka na miaka, inategemea mtoaji ni nani na mwili unapokeaje. Takrolimasi ni kila baada ya saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili maana yake saa kumi na mbili, sio asubuhi ukiamka na usiku ukikumbuka. Kiwango chake kwenye damu kinapimwa, kikishuka limbasi inashambuliwa, kikipanda figo zinaumia. Kwahiyo damu utatolewa sana mwanzoni, wanaangalia figo, ini, sukari, chembe nyeupe, na presha ya mwili kila kliniki. Mimi mikono ilitetemeka wiki za mwanzo mpaka kikombe nashika kwa mikono miwili, tumbo likawa linaharisha kwa sababu ya maikofenoleti, usingizi ukakimbia kwa predinisoloni na uso ukavimba. Mengi yalitulia walivyorekebisha dozi. Balungi usiguse, linapandisha takrolimasi kwenye damu. Antibiotiki kama erithromaisini nazo zinapandisha, dawa ya kifua kikuu rifampisini inashusha, kwahiyo ukienda kwa daktari yeyote hata wa meno unamwambia kwanza unameza nini kabla hajashika kalamu. Kifua kikuu kilicholala walinipima kabla hata ya kuanza. Chanjo zenye kirusi hai hupewi tena ukiwa kwenye dawa hizi, zinazotakiwa zitangulie. Na dada zangu mlio kwenye umri wa kuzaa, maikofenoleti inaharibu mimba, hili lazima mliongee na daktari waziwazi mapema, msione haya.

Alafu kuna matone. Mengi. Ya steroidi, ya antibiotiki, ya kulainisha, ya presha, na yale ya damu, na yote yawe yasiyo na kemikali za kuhifadhi kwa sababu hizo zinaunguza ngozi changa, na kati ya tone moja na jingine unaacha dakika tano la sivyo la pili linaosha la kwanza. Mtu asiyeona vizuri atatofautishaje vichupa vitano vinavyofanana? Mke wangu alivibandika plasta, kimoja mzunguko mmoja, kingine miwili, kingine kafunga uzi shingoni, nikawa navijua kwa kidole. Nilivyomwonyesha nesi wa kliniki alikichukua kile chenye uzi akakigeuzageuza, akaita na mwenzake aje aone. Hospitali zingeweza kufanya hivyo zenyewe toka famasi, wagonjwa wao ni watu wasioona, sijui inashindikana wapi.

Kliniki ilikuwa na daktari wa macho na daktari wa figo wanaosoma faili moja. Hicho ndo kigezo changu namba moja cha hospitali ya kufanyia kitu hiki. Daktari wa macho peke yake, hata awe fundi kiasi gani wa mkono, hawezi kukulea na takrolimasi kwa miaka bila mtu wa dawa za kinga pembeni yake. Kigezo cha pili ni namba ya dharura inayopokelewa. Nasema hivyo kwa sababu ilishanitokea. Mke wangu aliniangalia asubuhi moja akaniambia mbona huku juu kumekuwa kwekundu kuliko jana. Mimi sikuwa nasikia maumivu yoyote, jicho linakwaruza kidogo tu. Tukapiga, wakasema njoo sasa hivi. Kwenye darubini mishipa ya kipande cha juu ilikuwa imevimba imejikunja na kuna mstari mwembamba uliovimba juu ya ngozi ya kioo, ndio mwili unasukuma seli za mdogo wangu nje. Matone ya steroidi yakawa kila saa, vidonge vikapandishwa, damu ikapimwa na takrolimasi ikakutwa iko chini, ikaongezwa. Wekundu ukashuka. Ingekuwa namba haipokelewi, au tungesubiri tarehe ya kliniki, ninachokiandika hapa kingekuwa tofauti kabisa. Wekundu mpya wa upande mmoja ni dharura hata kama haumi, mwambieni kila mtu anayeishi na nyie awe anawatazama jicho.

Matokeo? Kidonda kilifunga. Ile rangi ya chungwa ilivyowekwa tena kioo hakikushika. Maumivu ya miaka yakaisha, mapazia nikaanza kuyafungua mwenyewe, na kwa mtu ambaye hajawahi kuishi kwenye giza la kukwepa mwanga sijui namwelezaje hicho kitu. Lakini kuona hakukurudi palepale, na hapa watu wengi wanavunjika moyo bure. Seli shina zinarudisha ngozi ya juu. Kovu lililoingia ndani ya kioo linabaki, na ndo hapo sasa konea yenyewe inapandikizwa, miezi kadhaa baada ya uso kutulia, ikiwa na kitalu hai cha kuilisha. Hiyo ya pili yangu ilishika. Nasoma simu kwa maandishi yaliyokuzwa, sura za watu nazitambua wakiwa upande wa pili wa chumba, natembea peke yangu mchana. Usiku bado napata shida na taa.

Nyota niliyoizuia ni ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa na faili nene, yeye aliandikiwa matone ya antibiotiki na steroidi, akaangaliwa mara chache, kimya. Jicho lake lilikaa jekundu, linawasha, kuna mahali anahisi mchanga akipepesa, alipouliza kwenye kliniki yangu akaambiwa mgonjwa ni kaka yako. Baadae jicho lilipona vizuri na limbasi yake iko sawa, mwenyewe halalamiki, ila mtu mzima aliyekuja na macho mazima akalala kwenye meza kwa ajili ya mwingine anastahili faili lake mwenyewe, tarehe zake, na mtu wa kumpigia. Mnaoenda, daini hilo kabla ya operesheni na liandikwe. Daini pia mtoaji aandikiwe lini atapimwa tena baada ya mwaka, na gharama ya vipimo vyake iwe imeingizwa kwenye hesabu yenu na sio mfukoni kwake.

Kwa wenye jicho moja zima, hamhitaji mtu mwingine wala hizi dawa za kumeza. Wanachukua kipande kidogo toka jicho lenu zima. Ile njia ya Virender Sangwan na wenzake wa Hyderabad, India, waliyoitangaza mwaka 2012, wanachukua kipande cha milimita mbili kwa mbili hivi, wanakikata vipande vidogovidogo wanavipanga juu ya utando wa uzazi palepale kwenye jicho, maabara haihitajiki. Ulaya kuna Holoclar, iliidhinishwa mwaka 2015, ndo dawa ya kwanza ya seli shina kupata idhini ya Umoja wa Ulaya, hiyo seli zako zinaoteshwa maabara kwanza. Boston, Marekani, nako kuna timu ya Ula Jurkunas, mwaka 2025 walitoa matokeo ya wagonjwa 14 waliooteshewa seli zao wenyewe. Zote hizi zinataka uwe na limbasi hai mahali fulani kwenye jicho lako mwenyewe.

Kwa sisi wa macho mawili, wale wasio na figo za kuvumilia takrolimasi, au umri umeenda, au wanaougua kansa, kuna ngozi ya ndani ya mdomo. Wanachukua kipande cha shavu kwa ndani, wanakiotesha, wanakiweka kwenye jicho, Wajapani wako mbele sana kwenye hili toka timu ya Kohji Nishida ilipotangaza wagonjwa wanne mwaka 2004, na Japani wameshaiidhinisha kama tiba. Ni mwili wako mwenyewe kwahiyo haukataliwi, ila mishipa huwa inapenda kuifuata. Ipo pia konea ya plastiki ya Boston aliyoibuni Claes Dohlman, inatoa kuona haraka, ila inadai antibiotiki ya matone maisha yote na presha ya jicho inasumbua sana, mimi nisingeanza nayo.

Na kuna hiki ambacho nakifuatilia kwa hamu kubwa. Nishida huyohuyo na wenzake wa Osaka walichukua seli za mtu mwingine zilizorudishwa utotoni maabara, yaani zikafanywa seli shina, wakazigeuza kuwa ngozi ya konea, wakawawekea wagonjwa wanne. Matokeo yalitoka Novemba 2024 kwenye jarida la Lancet. Miaka miwili ya kufuatiliwa hakuna aliyepata uvimbe wa saratani wala kukataliwa waziwazi, na wawili kati yao hawakupewa kabisa saiklosporini, ambayo nayo ni dawa ya kushusha kinga, steroidi tu. Wanne ni wachache, na mmoja wao kuona kulirudi nyuma kidogo, kwahiyo sio kitu cha kusubiria jicho likiwa linaoza. Lakini kama ikithibitika kwa watu wengi, hamna tena kumlaza ndugu yako kwenye meza, na pengine hata ndoo ya vidonge itapungua.

Angalizo moja tu. Yeyote anayekuuzia sindano za seli shina za mkononi, au matone ya seli shina ya chupa, kwa ajili ya konea iliyoungua, na hajakuweka ile rangi wala kuuliza limbasi yako, hiyo sio huduma ninayoizungumzia hapa na usimpe jicho lako.

Jicho langu la pili bado. Daktari ametupa tena zile njia mbili, na mdogo wangu kashasema ana jicho jingine, niseme tarehe. Nimemkatalia. Nimejiandikisha kwa limbasi ya marehemu, dawa za kinga zenyewe tayari nameza, figo zangu kwenye kipimo cha mwisho ziko vizuri, na kope la jicho hilo wananinyoosha kwanza.